Kwetu Hakuna Mvivu

Mwanangu,

Ungekuwa bado wa kuchapwa, ningekuja kukuchapa mwenyewe. Kwa kuwa una ndevu na mafundi wanne chini yako, nakuandikia. Simamisha cherehani, ukae, usome mpaka mwisho kabla hujaanza kunijibu.

Mimi sijambo. Magoti yananisumbua kama kawaida yake, macho bado yanatunga uzi kwenye sindano. Wewe na mkeo natumaini ni wazima. Binti yako si mzima, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Mama yake kamleta kwangu Jumamosi, wewe ukiwa kiwandani kwako. Kutoka barabarani hadi mlangoni kwangu kapumzika mara mbili, msichana wa miaka kumi na tisa. Mkeo alinieleza yote, na usimgombeze, nilimbana mpaka akasema. Kumbe ile homa ya mwezi wa pili, iliyomvimbisha shingo akashindwa hata kumeza mate, ulimwacha alale siku nne tu. Ya tano ukamrudisha kwenye meza ya kukatia, eti sare za shule zinasubiriwa. Alipoomba akae, ukaondoa kiti. Mtu mwenye akili ya kupima kiuno cha mteja kwa macho, unaondoa kiti ili mgonjwa apate nguvu. Nani alikufundisha?

Halafu siku ile aliyoamka na nafuu, akafua mapazia ya nyumba nzima. Kesho yake hakuweza kuinua kitana, akalala siku sita. Wewe ukasimama mbele ya mafundi ukasema, "Mgonjwa gani anafua mapazia?" Wakacheka, na tangu hapo wanamwita Bi Godoro. Alinisimulia hilo huku anatabasamu. Afadhali angelia.

Jumatatu nilimpeleka kwa daktari, mwanamke mdogo tu lakini hana papara. Alimpima damu, na majibu yakiwa mkononi akamuuliza maswali mpaka nikachoka mimi. Akasema uchovu huu ni ugonjwa, na una jina refu ambalo sikulishika. Unakaa miezi, unakaa miaka, usingizi hauuondoi, na anayejilazimisha unamwangusha vibaya zaidi. Nikamuuliza kwa nini yeye na si kaka zake, maana homa ile iliwapitia wote. Akajibu kwamba hakuna ajuaye kwa hakika. Mara nyingi huanza baada ya maradhi ya kuambukiza, huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, wengine huwakuta wamebanwa na mawazo, na kuna familia ambamo huwapata watu zaidi ya mmoja. Tena mtu anaweza kuwa na hayo yote asiugue. Nilitega sikio nisikie kama uvivu umo kwenye hesabu yake. Haumo.

Ndipo akauliza kama kwetu kuna mtu aliyewahi kulala hivyo. Mjukuu wangu akanigeukia. Nikasema, "Kwetu hakuna mvivu."

Nimesema mimi, kwa mdomo huu. Mtoto akainama akaangalia viatu vyake, kama anavyofanya ukimsema wewe.

Sasa sikiliza, hili sitalirudia. Ulipokuwa na miaka sita ukapelekwa kwa mama yako mkubwa, uliambiwa nimepata kazi ya kupika mji mwingine. Sikupika popote. Niliugua homa, homa ikaondoka, nguvu hazikurudi. Miaka miwili nililala chumba cha nyuma kwa mama yangu, dirisha limezibwa kwa shuka kwa sababu mwanga uliniumiza, nikinyweshwa uji kwa kijiko. Watu walisema najidekeza, baba yako akiwa wa kwanza. Nikamwapisha dada yangu asikwambie. Niliona heri ukue ukijua mama yako alikuacha akafuata kazi kuliko ujue hawezi kuinua ndoo. Siku ya harusi yako uliniuliza kwa nini sikuja kukuona hata mara moja, nikakukaripia mbele ya wageni.

Huo ukali wako wa kumwona anayelala kuwa si mtu, umeupata kwangu. Nilikulea nao ili siri yangu isijulikane. Kwa hiyo nusu ya hasira iliyomo humu ni yangu mwenyewe. Nusu nyingine ni yako, ichukue.

Jana nilimweleza mtoto, maana bado yuko hapa kwangu. Akaniuliza kama nilipona. Nikamwambia, kiasi. Leo asubuhi nimerudi kwa daktari peke yangu nikasema ukweli, akauandika.

Mkeo msalimie sana, umshukuru. Mafundi wako sina salamu kwao.

Jumapili uje, bila kazi mkononi. Maswali yako kwangu yatangoja, utaniuliza jikoni. Kwanza ingia chumbani kwa mwanao, ukae sakafuni asilazimike kuinua kichwa, umwombe radhi kwa maneno machache, kisha utoke kabla hajachoka.

Mimi mama yako.