Dagaa Wako na Dubu wa Arkansas

DeSoto, Texas

Mpendwa mdogo wangu Leokadia,

Niwie radhi kwa ukimya wangu mrefu. Uliniuliza kama nyumba yangu ya Mwanza ipangishwe au ibaki ikinisubiri, nami niliona haya kukuandikia bila jibu. Miguu yako imepona? Shemeji anaendeleaje na kifua? Mimi ni mzima wa mwili.

Hapa kwa mwanangu Festo siku ni ndefu. Yeye na mkewe hutoka asubuhi kwenda kazini hospitalini. Bila gari huwezi kwenda popote, nami siendeshi. Wajukuu nikiwauliza habari za shule hunijibu neno moja la Kiingereza, kisha hupanda vyumbani.

Mwezi uliopita Festo alitupeleka kupiga kambi katika milima ya Arkansas, jimbo jirani. Jioni aliagiza kila chakula, hata sabuni na dawa ya meno, vifungiwe garini, kwa kuwa dubu hunusa kutoka mbali. Nilitii, isipokuwa kwa wale dagaa ulionitumia. Niliwaacha mkobani, hemani mwangu. Siwali ovyo, hufungua mfuko nikanusa, nikawa jikoni kwako.

Kulipopambazuka nilitoka kunawa uso. Dubu mweusi alikuwa amesimama kati yangu na gari, pua ameielekeza kwenye hema. Nikautazama mti uliokuwa karibu. Festo alikuwa akichungulia kutoka hema lake.

"Baba, usikimbie. Na mti uache, anapanda kukushinda. Inua mikono, uonekane mkubwa. Zungumza naye."

"Nizungumze nini?"

"Chochote. Ila kwa sauti nzito, huku unarudi nyuma polepole."

Nikainua mikono. Nikamweleza kwa Kiswahili kwamba mimi ni Boniface, mwalimu mstaafu. Kwamba mke wangu nimemzika. Kwamba dagaa ni wa dada yangu na hatapewa. Kwamba katika nyumba ninamoishi hakuna aniulizaye nimelalaje. Sikumpa mgongo, wala sikumzibia njia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuka, akaingia msituni.

Tangu nifike nchi hii sijapata kusema maneno mengi hivyo kwa mfululizo.

Festo alipowaona dagaa alisema, "Baba, kwa harufu hii ungewaita hata dubu wa Oklahoma." Mkewe akacheka, nami pia. Tukiwa njiani kurudi Festo akaniuliza, "Yale uliyomwambia ni kweli?"

"Sikuwa na sababu ya kumdanganya dubu," nikamjibu.

Siku hizi, akitoka kazini, huketi nami kidogo kabla hajavua sare, akaniuliza nimeshindaje. Mara nyingine husinzia kabla sijamjibu. Kwa hiyo kuondoka kumekuwa kugumu kuliko ulipouliza.

Nisalimie shemeji, jirani yetu muuza maziwa, na mwanao fundi cherehani. Nyumba usiipangishe kwanza. Ifungulie madirisha, hewa ipite. Nikishaamua, nitakuandikia wewe kabla sijamwambia Festo.

Ni mimi kaka yako,
Boniface