Maji Niliyokataa Kutema

Jumapili, 1 Julai 1984

Uji wa wimbi, nusu kikombe. Vidonge viwili vya moyo. Kanisani sikwenda. Mteremko umenishinda tangu Pasaka.

Nimeficha jambo kwa miaka kumi na minane. Naliandika sasa kwa sababu daktari aliyenipima Voi hakuniahidi Krismasi. Taya la kaka yangu Mwakio nililivunja mimi. Mbololo nzima inajua aliteleza mwambani akikata majani ya ng'ombe. Alisema hivyo mwenyewe mpaka akafa, na mwanawe Mwadime anaamini hivyo. Nilimpiga kwa mpini wa jembe. Mara tatu. Pigo la pili ndilo lililovunja. La tatu sijui lilikuwa la nini.

Jumatano, 4 Julai

Wakesho, binti wa Mwadime, huja kusoma kwangu akitoka shule. Ana miaka saba na mdomo usiopumzika. Leo alilala juu ya kitabu. Mkono wangu uliinuka wenyewe. Nilistaafu ualimu zamani, mkono huu bado haujastaafu.

Kisha nikaona pera alilokuwa ameliuma. Nyama nyeupe, na damu katika alama za meno.

Nikamwambia anyooshe miguu. Mabaka meusi, kama mtu aliyekanyaga zambarau. Mengine nyuma ya mapaja, mahali ambapo mtoto hajigongi. Vidoa vyekundu vidogo kama vya viroboto. Nilivibonyeza kwa kidole. Havikufifia.





Nimeshaiona ngozi hii. Mkamburi, mwanangu wa pekee, 1966. Alikuwa na miaka tisa. Siku ya kumzika jeneza nililibeba peke yangu, na halikuwa zito.

Alhamisi, 5 Julai

Nilimwita Saru, mama wa Wakesho. Nilimwonyesha ile miguu.

"Baba, watoto si huanguka?"

Mtoto wako amechoka tangu lini, nilimuuliza. Akafikiri. Tangu mahindi yalipopaliliwa. Homa je? Inakuja, inaondoka. Mifupa? Usiku hulia magoti. Alipomaliza kujibu uso wake ulikuwa umebadilika. Alisema atamngoja mumewe.

Nilisoma sana baada ya kumzika Mkamburi. Kila kitabu cha tiba nilichoweza kuazima. Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Ugonjwa huu ukiingia, chembe nyeupe changa zisizokomaa huzaana bila mpango na kujaza nafasi yote. Nyekundu hukosa mahali, mtoto anachoka na kupauka. Zile za kuzuia damu isitoke hukosa mahali, fizi zinavuja, ngozi inajaa mabaka bila kupigwa. Nyeupe zenyewe ni nyingi lakini hazipigani, homa haikatiki. Huitwa lukemia. Haiambukizi. Si uchawi. Huenda Wakesho hana. Mabaka yana sababu nyingi. Ndiyo maana damu hupimwa. Lakini kama anayo, kila wiki inayopotea ni ya uhai wake.

Jumamosi, 7 Julai

Mwadime amekuja. Huendesha trekta kwenye shamba la mkonge na hurudi Jumamosi. Alikuja na wazee wawili na kibuyu cha maji ya miwa. Nilipokiona kibuyu nilijua.

Kwetu, mtoto akiugua bila sababu, hutafutwa mkubwa mwenye hasira naye au na wazazi wake. Huyo mkubwa hupiga funda, hulipuliza nje na kutamka kwamba hasira imetoka. Ndiyo kutasa. Mimi ni mzee wa kanisa lakini sijawahi kuidharau desturi hii. Imepatanisha ndugu wengi. Na sababu ya kunishuku wanayo. Mwezi wa tano Mwadime aligeuza mfereji wa shamba langu, akapeleka maji kwenye kabeji zake. Nilimwita mwizi mbele ya watu.

"Baba mdogo, tasa."

"Mpeleke Voi apimwe damu. Akirudi nitatasa hata mara kumi."

"Mtoto wangu unamwekea masharti?"

Mzee mmoja akacheka. "Mwalimu bado anasahihisha madaftari."

Mwadime alikipiga kiti teke nikiwa nimekikalia. Nilianguka nacho. Akanishika ukosi, akanibamiza ukutani mara mbili, akanimwagia kibuyu kifuani. Alisema Wakesho akifa atanichinja kama mbuzi, na ngozi ataianika uani.

Kwa nini nilikataa: ningetasa, wangerudi nyumbani wameridhika. Wangengoja apone. Mwaka 1966 sisi tulingoja.

Jumatatu, 9 Julai

Mbavu. Siwezi kulalia upande wa kushoto.

Mawe juu ya mabati tangu asubuhi. Mabati mawili yametoboka. Kuku wangu wa mayai nimemkuta ananing'inia mlangoni, hana kichwa. Mtu alipita barabarani akipaza sauti: "Mwalimu mla watoto!" Sauti ni ya niliyemfundisha kusoma.

Jirani anasema Wakesho amevuja damu puani mpaka wakakinga kwa sufuria.

Ninawachukia. Ninamchukia Mwadime. Ningekuwa na nguvu ningempasua kichwa kwa fimbo hii. Basi hasira ninayo. Lakini haiko kwenye mifupa ya yule mtoto.

Jumatano, 11 Julai

Niandike kwa utaratibu.

Nilitembea mpaka kwa Mwadime. Mahali pa dakika kumi, nilitumia saa nzima. Hakwenda kazini kwa sababu ya mtoto. Wakesho alikuwa kwenye mkeka, midomo rangi ya majivu. Saru alikuwa akimkanda kwa kitambaa.

Nilisema yote nikiwa nimesimama. Kwamba Mkamburi alikuwa na mabaka kama haya. Kwamba wazee walisema ni hasira ya mkubwa, na mkubwa wangu alikuwa Mwakio. Kwamba nilimfuata shambani nikamwambia atase, naye akanijibu hana hasira nami, na maji ya uongo hayamponyi mtoto. Kwamba nilichukua mpini.

Nikasema na la asubuhi yake. Mwakio alikuja kwangu taya limefungwa kwa kitambaa. Alichukua kibuyu mwenyewe. Alitaka kutasa hasira asiyokuwa nayo, kwa ajili ya mwanangu. Mdomo haukufunga. Maji na damu vilimwagika kwenye blanketi la Mkamburi. Alijaribu tena. Alijaribu mara nne.

Nikasema kwamba Mkamburi tulimfikisha Mombasa akiwa hoi. Kwamba daktari alisema ni damu, imeharibika ndani ya mifupa. Kwamba dawa za wakati ule zilikuwa chache, lakini tungemleta mapema angempa miezi, huenda zaidi. Kwamba hatukujua.

 Mwadime akauliza, "Hukumwona akila? Baba yangu? Alikula uji miaka kumi na mitatu."

Ngumi ya kwanza ilitoa meno mawili. Nilianguka kwenye mafiga. Alinipiga mateke mgongoni na tumboni. Sikujikinga. Nilikuwa nikisema, nipige mpaka uchoke, lakini mpeleke mtoto leo. Sijui kama maneno yalitoka. Alichukua mchi wa kutwangia akauinua juu ya kichwa changu, nami nikauangalia. Nilitaka ushuke.

Ukashuka kando ya sikio langu. Ardhi iliruka.

Alipoutupa, mkeka ulikuwa mtupu. Saru alikuwa ameshamfunga Wakesho mgongoni kwa leso na kuteremka kuelekea barabara ya Voi. Hakuaga mtu.

Alhamisi, 12 Julai

Damu kwenye mkojo. Siandiki.

Jumapili, 15 Julai

Jirani ameleta supu na habari. Voi walimtoboa Wakesho kidole, wakatazama damu kwa darubini, wakapiga simu Mombasa mbele ya Saru. Wakesho alipelekwa huko, akaongezwa damu. Sasa yuko Nairobi. Mwadime amewafuata kwa treni. Ameuza kabeji zote, trela nzima, zikiwa changa.

Macho yangu hayaoni vizuri upande mmoja. Habari ya kabeji ilinichekesha. Mbavu zikanikomesha.

Jumapili, 29 Julai

Hodi saa nne asubuhi. Mwadime. Nilishika fimbo, halafu nikaiacha.

Alikaa sakafuni ingawa kiti kipo, mtu wa kanisa amekitengeneza mguu.  Kisha akalitaja jina la ugonjwa, polepole, kama mwanafunzi anayesoma ubaoni. Lukemia. Walitoa uboho kwenye nyonga ya Wakesho kwa sindano. Saru alimshika mikono, Mwadime akatoka nje akatapika.

Alimuuliza daktari kama ni ya ukoo wetu. Daktari alisema mara nyingi sana hairithiwi, na hakuna aliyemletea, kwa mkono wala kwa moyo. Dawa ni za miaka, si miezi. Nywele zitatoka. Atatapika. Kupona hajaahidiwa mtu. Lakini siku hizi wapo watoto wanaopona, na huyu ameletwa kabla homa haijaingia mapafuni. Daktari alimwambia Saru, mama, umewahi.

"Wakesho anakuuliza," Mwadime akasema. "Anataka kujua kama pera lake umelila."

Akatoa kibuyu kwenye mfuko wa koti. Maji matupu.  Alikiweka kati yetu.

Nikakichukua. Nilitafuta hasira niliyoiandika hapa tarehe tisa. Bado ipo kidogo, kuhusu mfereji. Nikapiga funda nikapuliza. Pengo la meno halikuzuia, maji yaliteremka kidevuni mpaka kwenye shati.

Mwadime alitazama yale maji. Alijifunika uso kwa mikono yote miwili, akalia kwa sauti kubwa, kama anayepigwa. Kisha akanifuta kidevu kwa mkono wa shati lake, kwa nguvu, karibu aniumize.

Jumatano, 1 Agosti

Mwadime ameufungua mfereji. Nasikia maji nikiwa kitandani. Hakuna cha kumwagilia. Nasikiliza tu.

Jumatatu, 6 Agosti

Ukungu umefika mlangoni. Uji umenishinda.

Nilimwambia Mwadime kwamba hatukujua. Ameamini, na amenisamehe kwa imani hiyo.

Ndani ya kamusi yangu mna barua. Iliandikwa Voi na msaidizi wa daktari, wiki sita kabla Mkamburi hajafa. Inasema mtoto apelekwe Mombasa siku hiyohiyo, damu yake ipimwe. Nilipokuwa naipokea aliniuliza nani anampiga mtoto huyu. Niliikunja barua nikaitia mfukoni. Siku mbili kabla nilikuwa nimemchapa Mkamburi darasani, mbele ya wenzake, kwa kulala juu ya dawati. Nilidhani mabaka yale yote ni fimbo yangu. Nilikuwa mwalimu mkuu. Mombasa wangeniuliza tena. Nikamweka nyumbani nikingoja yafutike, na yalipokataa kufutika nikaenda kutafuta mwenye hasira.

Nimeitoa kwenye kamusi na kuiweka juu ya daftari hili. Mwadime ataikuta.

Siku nilipomwinulia Mwakio mpini, barua hii ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu. Nilikuwa nimeisoma. Nilielewa kila neno.