Diski Uliyotutumia Haikuwa Tupu

Nyumbani, chumba cha mashine,
Jumapili, 9 Juni.

Mdogo wangu mpendwa,

Kabla ya yote, hujambo? Kifua chako na hiyo baridi ya ughaibuni vinaelewana? Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, ila ulimi wake haujapata hata mafua.

Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Wewe ukiulizwa jambo zito, mtandao hukatika. Barua haikatiki.

Diski uliyompa rafiki yako atuletee imefika salama, na imefika tukiwa tumekwama. Kompyuta inayoendesha mashine ya kudarizi imegoma. Programu inataka mfumo mpya, na wenye mfumo wanasema kompyuta yetu imezeeka mno, hawaitambui tena. Sweta za shule zimerundikana hapa bila nembo, na mwalimu mkuu haishi kupiga simu.

Tukamwita fundi, yule tunayemwita Nati. Akasema mfumo atauingiza hivyo hivyo, wenyewe wapende wasipende, mradi diski yako iandaliwe kwanza: ifutwe yote, kisha igawanywe sehemu mbili, moja ya mfumo na moja ya kazi zetu. Nikamuuliza, kitu kilichokataliwa mlangoni kitaishije ndani kwa amani? Akanijibu, "Dada, diski ikiwa safi, mfumo hauulizi maswali." Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuelewa, na mpaka sasa sielewi.

Akaichomeka. Alipokuwa karibu kubonyeza, akaniita: "Dada, mbona hii ina vitu?"

Vitu vyenyewe unavijua, ni picha. Mtoto wa kike amekaa mapajani mwako, mashavu yamejaa mkate. Mtoto huyo huyo na begi la shule kubwa kuliko mgongo wake. Mtoto amelala juu ya ile foronya aliyokudarizia mama ulipoondoka. Nikasema labda ni wa jirani yako. Mama akanisogeza pembeni, akavaa miwani, akayaangalia masikio. Ni ya marehemu baba, yale yaliyosimama kama vishikio vya sufuria. "Wa jirani gani?" akaniuliza.

Sasa nimechanganyikiwa kwelikweli. Mtoto ameng'oka meno ya mbele, kwa hiyo si wa jana. Ulisahau kuifuta diski, au ulishindwa kusema ukaona bora diski ikusemee? Na wifi yangu yuko wapi? Simwoni kwenye picha hata moja, labda ndiye anayepiga. Nimekasirika, sikufichi. Halafu nikimkumbuka yule mtoto na mkate wake nacheka peke yangu, halafu nakasirika upya.

Nati alitaka ahamishe picha mahali pengine ili aendelee na kazi. Mama akauliza, zikihamishwa, hapa zinaondoka au zinabaki? Nati akasema zinabaki mpaka afute. Mama akauliza, sasa kama zimebaki salama, kwa nini azifute? Tukazunguka hapo hapo mpaka chai ikapoa. Mwishowe mama akachomoa waya mwenyewe, akaiviringisha diski kwenye kitambaa na kuifungia kabatini. Kompyuta ikitaka kufa na ife, lakini mjukuu wake hafutwi. Nembo sasa anadarizi kwa mkono, goti hilo hilo limeegeshwa juu ya kigoda, na kazi haiendi.

Kwa hiyo nijibu. Kama picha unazo kwingine, mwambie mama kwa mdomo wako mwenyewe, mimi hanisikii. Na kama kuna jambo ulikuwa unaliogopa huku kwetu, niambie mimi kwanza. Ni nani kati yetu angemfukuza mtoto?

Nati anakusalimu. Mjomba naye anakusalimu. Bado hajaambiwa, maana jambo likimfikia yeye limefika sokoni. Mama anakusalimu sana, na ameniagiza nimsalimie mjukuu wake. Nikamuuliza niandike jina gani. Akasema niache nafasi, wewe utajaza. Basi, msalimie ........................, mwambie bibi yake anamsalimu.

Mungu awalinde nyote huko. Miaka yote hii tumekuwa tukikuombea wewe peke yako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira.