Bastola Ndani ya Mkoba wa Mama Mkwe

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie maana hapa nilipo nimebanwa kotekote. Mimi ni dereva wa kupeleka wageni hifadhini, na juzi nikasema mara hii acha niwatembeze watu wa nyumbani, nikawapakia mke wangu, watoto, mama mkwe na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ana duka la vito na anamiliki bastola kwa leseni halali, na pale langoni askari wa hifadhi, dada mmoja mpole, akatuuliza waziwazi kama kuna mwenye silaha, akaeleza kwamba hata mwenye leseni anaiacha hapo na kuichukua akitoka, tukajibu hakuna, mama mkwe akaongeza, "Mimi nina dawa zangu za presha tu, mwanangu," tukaingia.

Mbele kidogo tukamkuta tembo na ndama wake barabarani, nikasimama tusubiri wapite, mara namwona shemeji anachomoa bastola kwenye mkoba wa mama mkwe, nikamwambia, "Shemeji, rudisha hicho kitu," akanijibu, "Nina leseni, na humu kuna watoto!" akafyatua hewani, na tembo badala ya kukimbia akatujia, nikarudi nyuma kwa kasi ambayo sijawahi kurudi nayo, watoto wanalia, kioo cha pembeni kikagonga mti kikang'oka. Nikaenda moja kwa moja kituo cha askari nikaeleza yote, shemeji akakamatwa, akatoka kwa dhamana, kesi inakuja, na sasa mama mkwe amehamia kwangu, anakaa sebuleni ananitazama kama mwizi, anataka niseme mahakamani kwamba tuliitaja bastola langoni, yule dada ndiye aliyepuuza, na mke wangu ananiuliza, "Kwani sheria ndiyo ndugu yako?" Mimi najua nilifanya sawa na sitetereki, ila nyumba nzima imeninunia, nifanyeje?

Dereva Niliyebanwa

JIBU

Pole, dereva, na hongera kwa kutulia kwenye usukani. Uliwatoa watu wote salama, na wakwe zako wamelisahau hilo mapema mno.

Sasa nisikilize. Huendi kusema uongo mahakamani. Leseni inamruhusu shemeji kuwa na bastola, haimruhusu kuingia nayo hifadhini, na mliambiwa hivyo mkiwa na masikio yenu. Ukimsingizia yule dada, atafukuzwa kazi kwa kosa lisilo lake, nawe utakuwa na kesi yako mwenyewe. Halafu huyo mama mkwe anayepiga kelele, amesahau mkoba ulikuwa wa nani?

Lakini na wewe una lako. Barua ndefu yote hii, sijaona mahali ulipokaa na mkeo ukamsikiliza. Yule ni kaka yake, amemwona na pingu. Unadhani kuwa sahihi kunatosha kuendesha nyumba? Hakutoshi hata kidogo.

Kwa hiyo leo ukitoka kazini, zima simu, mwite mkeo chumbani, si mbele ya mama yake. Mwambie, "Sibadilishi maneno yangu, lakini kaka yako simwachi." Kisha mtafutie shemeji wakili, na umshauri akiri kosa badala ya kutafuta wa kumtupia. Mama mkwe mwamkie kila asubuhi kwa heshima zake zote, na akianza habari za langoni, mjibu, "Mama, hilo siwezi," basi, usiongeze neno. Atanuna. Mwache anune. Siku ya kesi wapakie wote kwenye gari lako, wapeleke, sema kweli yako, kisha uwasubiri nje uwarudishe nyumbani.