Kipindi cha Mwisho cha Calidora

Jumamosi, 28 Aprili 2012

Wiki ya saba bila Mama. Na leo ndiyo mara ya kwanza tumerekodi bila yeye.

Tulifanya sehemu za chumba cha mitambo tu, zile zisizomhitaji daktari, ambaye huchezwa na Mama. Mzee Orrin alielekeza taa ya zambarau ukutani, kama walivyofanya wenyewe mwaka 1967 kwenye Calidora, ile tamthilia ya televisheni ya meli ya angani, akashika kamera na kupaza sauti, "Kapteni, meli iko tayari!" Baba akapanda kitini. Lakini kabla ya kusema lolote aligeuka kushoto. Kushoto ndiko anakosimama daktari. Nikaandika kwenye daftari la mwendelezo: kapteni, kichwa kushoto, hakuna mtu. Halafu nikafuta. Kazi yangu ni kuandika nani kashika nini na kwa mkono upi, na kumkumbusha mstari aliyesahau. Basi.

Wakati wa kula, Shangazi Lorna (si shangazi yangu, ndiye anayetushonea sare, sote tunamwita hivyo) alisema anaye mpwa anayeweza kumcheza Daktari Venn. Hata gauni litamtosha. Mzee Orrin akaunga mkono: "Dale, wewe mwenyewe ni kapteni wetu wa tatu! Wa kwanza alikuwa fundi wa meno, na hakuna mtazamaji aliyelia. Sura hubadilika, cheo kinabaki."

Ni kweli. Ndiyo desturi yetu. Televisheni iliiua Calidora baada ya miaka miwili. Sisi tunautengeneza mwaka wa tatu ambao haukuwahi kuwapo, kwa meli ya plaiwudi, kwenye duka la mazulia lililofungwa, kila Jumamosi, na hakuna mhusika aliye mali ya mtu.

Baba akasema hapana. Daktari Venn habadilishwi sura. Ataagwa kwa heshima, onyesho moja, halafu tufunge. Mwenye jengo analitaka duka lake ifikapo tarehe 18 Juni, kwa hiyo hiki kitakuwa kipindi chetu cha mwisho. Akanitazama.

"Thea, wewe utaliandika."

Mimi!

Jumapili, 29 Aprili

Mama hupiga simu kila Jumapili saa kumi. Baba hutoka nje kukata nyasi, hata kama hazijaota. Nimemwambia Mama kuhusu onyesho la kuaga. Kisha akaniuliza kama ninakula mboga.

Jumatano, 9 Mei

Trent wa darasa letu, mbele ya makabati ya shule, kila mtu akisikia: "Oyaa, binti Kapteni Plaiwudi! Mmeshafika mwezini?" Walicheka wote. Calidora haiendi mwezini. Inakwenda mbali kiasi kwamba mwezi haufai hata kutajwa. Jibu lilinijia nikiwa kwenye somo la kemia, kama kawaida yangu.

Onyesho limekwisha. Nimeliandika mara kumi na moja. Kwenye Calidora hakuna anayeshuka bila kumwomba kapteni, ni sheria tangu kipindi cha kwanza kabisa. Kwa hiyo daktari anasimama kwenye mlango wa kushukia na kusema, "Kapteni, naomba ruhusa ya kushuka." Mwanzoni nilikuwa nimempa kapteni hotuba ya nusu ukurasa, yenye nyota na nini. Nimeikata yote. Sasa anasema, "Ruhusa imetolewa." Daktari anashuka. Mwisho.

Hapa naweza kusema ukweli. Sikuliandika kwa ajili ya kuaga. Nililiandika zuri ili Mama akilisoma atamani kulicheza mwenyewe. Ili mtu aage, lazima kwanza aje. Na akija —

Jumapili, 13 Mei

Sikukuu ya akina mama. Baba alinipeleka Erie, mji anakoishi Mama sasa, mwendo wa saa mbili, halafu akabaki kwenye gari uani kwa Mama akisoma gazeti la wiki iliyopita.

Meza ya Mama ina viti viwili. Sikuuliza. Alisoma skripti akiwa amesimama jikoni, miwani juu ya kichwa, yaani hakuwa ameivaa, kwa hiyo aliisogeza karatasi usoni kama mtu anayeinusa. Alipomaliza alisema, "Umeandika vizuri kuliko sisi wote." Halafu akasogeza pazia kidogo.

"Amevaa lile koti la kapteni?"

"Ndiyo."

"Na joto lote hili."

Akakaa. Akaniambia kitu ambacho nakiandika hapa ili nisikigeuze kichwani. Alisema: "Unajua kwa nini nilivaa lile gauni miaka tisa, Jumamosi zote? Kwenye ile meli baba yako alikuwa ananisikiliza. Daktari akisema neno, kapteni anageuka, anamtazama usoni, anamjibu. Nilikuwa naisubiri Jumamosi nipate kujibiwa."

Nikasema, "Lakini Mama, ilikuwa imeandikwa kwenye skripti."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimeondoka."

Nilikula keki. Nilipokuwa mlangoni, akanishika kichwa kwa mikono miwili na kusema atakuja. Jumamosi tarehe tisa Juni, saa nne asubuhi. Atalicheza onyesho langu. Mara moja tu, kwa ajili yangu.

Kwenye gari Baba aliuliza neno moja. "Atakuja?"

"Atakuja!"

Alipitiliza njia yetu ya kutokea barabara kuu kwa maili kumi na moja.

Jumatatu, 28 Mei

Hakuna shule. Kutwa nzima dukani. Baba amekisimamisha kipindi cha 1967 kwenye skrini na kuhesabu taa ndogo zinazouzunguka mlango wa kushukia. Ishirini na mbili. Sisi tunazo ishirini.

"Dale, hakuna atakayehesabu," Mzee Orrin akasema kutoka juu ya ngazi.

"Glenda atahesabu."

Mzee Orrin akaendelea kufunga skrubu. Mama hajawahi kuhesabu taa yoyote maishani mwake. Baba akawasha gari, akaenda kutafuta mbili.

Alhamisi, 7 Juni

Baba kanyoa. Shangazi Lorna kalipiga pasi gauni la bluu, limetundikwa kando ya kioo, limefunikwa shuka lisipate vumbi. Mtihani wa kemia ni wiki ijayo na sijafungua kitabu. Kesho kutwa!!

Nimefikiria atakavyoingia. Watapiga makofi, yeye atasema "acheni ujinga," kisha ataomba kahawa. Baada ya kurekodi tutakula wote. Halafu sijafikiria. Nimejizuia kufikiria. Uongo. Nimefikiria hadi kiti chake cha jikoni.

Jumamosi, 9 Juni

Saa nne.

Saa tano. Mzee Orrin alisema labda barabara ya ziwani inatengenezwa. Baba alikuwa ndani ya sare tangu saa mbili na hakuwa amekaa hata kidogo, asije akaikunja. Tulimwambia akae. Akasema yuko sawa.

Saa sita simu ililia. Si yangu. Si ya Baba. Ya Shangazi Lorna! Alitoka nayo nje. Nilimwona kupitia kioo cha mbele cha duka, bado kina maandishi ya MAZULIA kinyumenyume, akitikisa kichwa, akitikisa, kisha akaacha kutikisa. Aliporudi aliongea na mkasi wake uliokuwa mezani.

"Anasema hawezi. Alifika nusu ya njia, kwenye kituo cha mafuta. Akageuza gari."

Nikamwangalia Baba. Nilidhani atakasirika. Uso wake ulifunguka! Akauliza, taratibu, kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitarajia:

"Kwa hiyo alikuwa njiani?"

Shangazi Lorna akasema ndiyo, Dale, alikuwa njiani.

"Nusu nzima," Baba akasema. Kisha akasema taa zizimwe.

Ningependa kumchukia Mama. Nimejaribu tangu mchana. Kila nikianza namwona kwenye hicho kituo cha mafuta, mikono kwenye usukani, miwani juu ya kichwa.

Jumapili, 10 Juni

Simu imelia saa kumi. Sikupokea. Ikalia tena. Baba alikuwa nje na mashine ya nyasi. Alikuwa ameizima.

Jumatano, 13 Juni

Mtihani: vibaya, nadhani.

Mzee Orrin alikuja nyumbani na wazo. Kamera isimame nyuma ya daktari, juu ya bega lake. Tumwone kapteni usoni, daktari tumwone mgongo na nywele tu. "Thea ana mabega ya mama yake. Na sauti! Mimi nikipiga simu hapa sijui naongea na nani mpaka nitukanwe."

Nikasema mimi siwezi kusimama mbele ya kamera, anajua siwezi, hata picha ya darasa nilijificha.

"Nani kasema mbele? Utaipa kisogo, binti yangu. Hakuna kazi inayokufaa kama hii."

Tulicheka, hata Baba kidogo. Kisha Baba akaanza kukwangua lebo ya chupa ya sosi ya nyanya kwa ukucha.

"Kama Thea anakubali," akasema.

Nimekubali. Aliyesema "atakuja" ni mimi. Alipitiliza njia kwa sababu yangu. Nilidhani kumpa mwisho wa kipindi chake ni jambo dogo ninaloweza kulifanya.

Jumamosi, 16 Juni

Naandika nyuma ya karatasi ya mwendelezo, chumba cha sare, pazia limefungwa. Nimeomba dakika tano. Nadhani nne zimekwisha.

Wigi linawasha. Gauni limebanwa kwa pini mgongoni. Jumatatu wanaume wa mwenye jengo wanakuja na nyundo, kwa hiyo ni leo au basi, Mzee Orrin amesema, "na mimi nyundo sibishani nayo."

Rudio la kwanza. Nilisimama mahali pa daktari, kushoto, taa zote ishirini na mbili zinawaka. Baba mbele yangu, hatua tatu. Nikasema, "Kapteni, naomba ruhusa ya kushuka."

Ilitoka sauti ya Mama. Sikuigiza! Ilitoka tu. Shangazi Lorna alifunika mdomo kwa mkono. Baba akanitazama — si mimi. Akafungua kinywa. Hakuna kitu.

"Kata," Mzee Orrin akasema. "Kapteni, mstari?"

"Nimesahau."

Baba hajawahi kusahau mstari. Anaijua mistari ya vipindi vyote vya zamani, hata ya walinzi wanaokufa dakika ya tatu. Na huu ni maneno mawili.

La pili, amesahau. La tatu. La nne alikohoa. La tano nilisema mstari wangu na yeye akajibu, lakini si nilichoandika. Alisema kwa chini sana, "Sikujua."

Mzee Orrin hakukata.

"Sikujua, Glenda. Ungeniambia."

Alikuambia, Baba. Alikuambia kila siku jikoni. Nilitaka kusema hivyo na sikusema, kwa sababu daktari hana mstari mwingine baada ya ule. Niliandika mmoja tu. Nikabaki nimesimama, kisogo kwenye kamera, na machozi yangu hayakuonekana na mtu yeyote isipokuwa yeye. Sijui aliyaona kuwa ni ya nani.

"Kata," Mzee Orrin akasema hatimaye. "Maikrofoni ina mikwaruzo, turudie." Maikrofoni haikuwa na mikwaruzo.

La sita. La saba. La nane. Kwenye la tisa Shangazi Lorna akasema, "Dale, jamani, mwache mtoto akanywe maji." Baba akasema mara moja tu zaidi. Ikawa la kumi, la kumi na moja.

Ndipo Mzee Orrin akasema kile ambacho sote tulikuwa tunakikwepa. Mchezaji akikwama, mtu wa mwendelezo anampa mstari. Ndiyo sheria ya seti. Hata kwa kapteni.

"Thea," akasema, kwa upole sana. "Mpe mstari."

Wote wakaniangalia. Sikuweza! Maneno mawili, yangu mwenyewe, na sikuweza. Nikiyasema kwa gauni hili na kwa sauti hii, ni Mama anamwambia amwache aende. Na akiyarudia yatakuwa yamesemwa, yamerekodiwa, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeshuka. Mimi pia sijampa Mama ruhusa. Hakuna aliyeniuliza mimi.

Ndiyo maana nikaomba dakika tano.

Sasa nasikia kitu. Baba yuko upande wa pili wa pazia, anatembea. Anasema taratibu, "Ruhusa imetolewa." Anasimama. "Ruhusa imetolewa." Bila kukosea. Anaujua. Aliujua tangu asubuhi.

"Daktari mahali pake!" Mzee Orrin anaita. "Rudio la kumi na mbili!"

Pazia linatikisika, Baba amelishika kwa nje, halifungui. Yeye hasemi Daktari. Anasema, "Thea? Uko tayari?"

Kwa siku nzima ya leo, ndiyo mara ya kwanza ananiita kwa jina langu. Nimesimama. Sijui nimjibu kwa sauti ipi.