Vero Hayumo Kwenye Orodha

Jumanne, Oktoba. Tangu asubuhi milima ya Uluguru imefunikwa na mawingu, lakini hapa Kihonda ni vumbi tu. Leo naandika yote, hata yanayomhusu mama.

Nyuma ya nyumba yetu kuna uwanja ambao kwenye ramani ya mtaa umeandikwa "shule". Shule hakuna. Kuna mbuzi. Watoto wa huku huvuka barabara kuu ya Dodoma kwenda kusoma, na mdogo wangu Vero anaanza darasa la awali Januari.

Wiki iliyopita nilimwona mwanamume nisiyemjua akiupima uwanja ule kwa futi kamba. Nikashuku unataka kuuzwa, na kwamba mwenyekiti wa mtaa yumo.

Kwa hiyo jana, mwenyekiti wa mtaa aliponiomba ninakili upya orodha ya watoto wadogo kwa kuwa mwandiko wake hausomeki, nilikubali haraka. Orodha hiyo inakwenda halmashauri. Ndiyo wanayotumia kukadiria madarasa yatakayohitajika miaka ijayo, na wapi yajengwe.

Nakiri, nilitaka kumkamata akificha watoto ili ionekane shule haihitajiki.

Majina yalikuwa machache mno. Nikasema moyoni, ndiyo hivyo, amewapunguza.

Kisha nikafika kwenye nyumba yetu. "Watoto chini ya miaka sita: hakuna." Pembeni, sahihi ya mama.

Kwa jirani yetu Mama Salome pia, hakuna. Na watoto wake mapacha ndio wanaoniamsha kila asubuhi kwa kelele!

Nilimuuliza mama akiwa anachambua mchicha. Hata hakushtuka. "Vero si yuko kwa bibi yako Kinole? Nimedanganya nini? Na wewe karani wa serikali, jua hivi: ukishawapa jina hawakuachi. Leo mchango wa dawati, kesho wa mlinzi."

Nikampigia bibi, nikamwamkia, nikauliza kama huko mlimani wamehesabu watoto.

"Walipita, mjukuu wangu. Nikawaambia huyu ni mgeni, mtoto wa Kihonda, kaja kunimalizia ndizi zangu." Akacheka mpaka akakohoa.

Basi Vero hayupo popote. Kinole hayumo, Kihonda hayumo.

Mwenyekiti nimemwonea. Wiki nzima shikamoo yangu kwake ilikuwa ya mdomoni tu. Yule wa futi kamba bado simwamini. Ila uwanja wa shule usio na watoto kwenye karatasi, nani atauliza ukichukuliwa?

Kesho saa mbili asubuhi mwenyekiti anakuja kuchukua orodha. Chini ya jina la mama nimeacha mstari mmoja mtupu. Nikiujaza, nitakuwa nimempinga mama mbele ya sahihi yake mwenyewe. Nikiuacha, nitakuwa nimekubali kwamba mdogo wangu hayupo.

Ninyi mnaonisoma, hasa wenye wadogo walio kwa bibi, nijibuni kabla ya saa mbili: nimwandike?