Uchaguzi wa Riwaya ya Muhula wa Pili

KAMATI YA DARASA LA FASIHI LA WATU WAZIMA: KIKAO CHA NNE

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni
Mahali: Chumba cha darasa, juu ya duka la vifaa vya umeme

Waliohudhuria:
1. Karani mstaafu wa mahakama – Mwenyekiti
2. Mwalimu wa darasa
3. Fundi cherehani – Mjumbe
4. Dereva wa lori (Breki) – Mwalikwa, kwa niaba ya walioacha darasa
5. Muuguzi – Katibu

Asiyehudhuria: Mwoka mikate (anamuuguza mama mkwe, alitoa taarifa)

KUMB. NA. 4/1: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 8:10 mchana, baada ya kiti cha tano kuazimwa dukani. Alisema jambo lilikuwa moja tu, kuchagua riwaya, na hakuona sababu ya watu kulala hapo.

KUMB. NA. 4/2: HALI YA DARASA
Mwalimu alieleza kwamba muhula uliopita ulianza na wanafunzi ishirini na wawili ukaisha na tisa. Wakipungua tena, mwenye jengo atawapa chumba watu wengine. Kwa uchunguzi wake, wengi walipotelea kwenye sura ya tatu ya riwaya ya muhula huo.

Mwenyekiti alisema waliokimbia ni wavivu. Mchagua jembe si mkulima. Fundi alijibu kwamba jembe butu nalo humchosha hata mkulima hodari.

KUMB. NA. 4/3: MAPENDEKEZO
Mwenyekiti alipendekeza riwaya ya kurasa 412 kuhusu ukoo uliotawanywa na vita. Fundi alipendekeza ya kurasa 160, inayoanza na harusi ambayo bwana harusi hakutokea. Mwenyekiti aliuliza kama hili ni darasa la fasihi au la umbea.

Fundi: “Mzee wangu, umbea ndio uliotufundisha sote kusikiliza.”

Hapo Breki aliomba nafasi. Alisema yeye husoma kwa kufuata mstari kwa kidole. Siku ya zamu yake ya kusoma, mtu alisema, “Hivi tutafika lini?” na darasa zima likacheka. Baada ya hapo aliegesha lori nje ya jengo hili mara mbili, akashindwa kupanda ngazi. Amerudi kwa sababu Mwalimu alimfuata hadi stendi ya malori.

Fundi alitaka kujua aliyesema ni nani. Breki alisema, “Yameshapita, dada.” Mwenyekiti alisema aliyesema ni yeye mwenyewe. Aliomba hilo lisiandikwe. Kisha aliomba liandikwe.

Aliongeza kwamba riwaya ile nene aliisoma kwa kupokezana na marehemu mkewe, mwaka ule mkewe alipokuwa hainuki kitandani. Alidhani kila atakayeisoma ataona alichokiona yeye. Fundi alimpa pole, na hakurudia tena neno “butu”.

KUMB. NA. 4/4: KUSOMA KWA MAJARIBIO
Mwalimu alishauri ukurasa wa kwanza wa kila riwaya usomwe kwa sauti. Mwenyekiti alisoma wa kwake vizuri sana. Katibu anakiri kwamba hana la kuandika kuhusu sehemu hiyo, kwani alikuwa ametoka zamu na usingizi ulimpitia.

Breki aliombwa asome wa pili. Alisita. Mwenyekiti alimwambia, “Soma, mdogo wangu. Leo hatuna tunakokwenda.” Akasoma, kidole juu ya mstari, hadi pale shangazi wa bibi harusi anaposimama mbele ya wageni na kusema: “Wali haujui kama bwana harusi amekimbia. Kuleni!”

Mwenyekiti alicheka hadi akavua miwani. Ukurasa uliisha, hakuna aliyesema basi. Breki aliendelea hadi ukurasa wa kumi na moja, na Katibu alikuwa macho muda wote.

KUMB. NA. 4/5: UAMUZI
Mwenyekiti aliondoa pendekezo lake. Riwaya ya harusi ilipita bila kupingwa. Breki atakwenda kuwaita wale kumi na wawili wenzake, mmoja mmoja, na atawasomea ukurasa huo mlangoni ikibidi. Mwenyekiti aliomba radhi kwa Breki mbele ya wajumbe. Walishikana mikono.

KUMB. NA. 4/6: MENGINEYO
Fundi aliarifu kwamba nakala pekee ya riwaya iliyochaguliwa haikuwapo tena mezani. Ilitafutwa chini ya viti. Mwenyekiti alieleza kwamba imo mkobani mwake, kwa nia ya kukagua kama lugha yake inafaa. Kikao kilimruhusu kukaa nayo hadi Jumatatu, kwa sharti kwamba asimsimulie mtu yeyote alikokimbilia bwana harusi.

KUMB. NA. 4/7: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 10:25 jioni, Mwenyekiti akiwa wa kwanza kushuka ngazi.

Sahihi: ………………… Mwenyekiti
Sahihi: ………………… Katibu